Mikono yangu saa kumi na mbili asubuhi

Chupa ya chai ndiyo iliyonitoa siri. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua haikatiki, madereva wa malori wamejikunyata kwenye benchi wanangoja chai, nami nimesimama na chupa ya lita tatu, ile ya kifuniko cha kuzungusha. Nikazungusha, wapi. Nikaibana kwapani, nikashika kifuniko kwa ncha ya leso, nikazungusha tena. Vidole vilikuwa kama vya kuazima. Dereva mmoja wa Mombasa, mteja wangu wa siku nyingi, akainuka, akaichukua, akafungua kwa vidole viwili na kuwamiminia wenzake wote. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Zai, na juzi chapati ilikuwa ramani ya Kongo. Una nini?"

Nikasema ni baridi tu.

Nina hoteli ya mbao na mabati hapa Malaba, upande wa Uganda, karibu na malori yanapopanga foleni kuvuka mpaka. Nimezaliwa kambini Jinja, baba alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichogombania na kupatania nyumbani. Malaba nimeletwa na ndoa. Napika chapati, chai, maharage, matoke na posho, yaani ugali. Kazi yangu ni mikono, sina nyingine.

Ugonjwa ulianza kwenye vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Naamka saa kumi na moja alfajiri, ngumi haifungi. Mpaka saa mbili ndipo vidole vinaanza kunitii, na saa hiyo wateja wa chai wameshaondoka zamani. Nilimweleza kila mtu na kila mtu akanipa jibu moja: baridi yabisi.

Jina hilo ndilo lililonipoteza. Ukiambiwa una baridi, unatafuta joto. Nikalala na soksi mikononi. Nikaacha kugusa maji ya kisima. Nikachuliwa kwa dawa ya kuchua mpaka ngozi ikababuka. Nikachomwa sindano za maumivu kwenye kliniki ya mtaani, kila wiki shilingi 5,000 za Uganda, na siku mbili baada ya sindano nakuwa mzima, ya tatu narudi palepale. Wifi yangu akaniletea mizizi ya kuchemsha. Jirani akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba kuna mtu hoteli yangu inamuuma, na kwamba anamjua mzee wa kunitazamia. Kwa huyo mzee sikwenda, lakini sitadanganya, usiku ule nililala nikiwahesabu majirani mmoja mmoja.

Miezi minane ikaenda hivyo. Nilipofika hospitali ya rufaa na kupimwa damu, daktari alinieleza kwamba baridi humfanya mtu asikie maumivu zaidi, basi, haileti ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni kinga ya mwili iliyogeuka, inashambulia utando wa ndani wa viungo, na kiungo kikishaliwa hakirudi kilivyokuwa. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia kimeinama na hakitanyooka. Hiyo ni hasara ya miezi minane, na hakuna daftari la kuiandika. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama viungo vidogo vya mikono yote miwili vimevimba, asubuhi vinakakamaa kwa zaidi ya saa moja, na wiki sita zimepita hali ni ileile, usikae kujipaka mafuta. Nenda ukapimwe.

Kuna jambo la dawa lazima niliseme kabla sijafika jikoni. Nilipewa vidonge ambavyo boksi lake limeandikwa methotrexate. Vinamezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Duka la dawa nililonunulia waliniandikia kwenye bahasha 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, nami nikameza siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nilimpigia simu muuguzi kumuuliza habari nyingine kabisa, kama naruhusiwa kula samaki wa kukaushwa, na katika maongezi nikamtajia. Alipiga kelele simuni: "Mama, acha hapo hapo!" Nikarudi kupimwa damu, Mungu akanisitiri. Dawa hiyo ikimezwa kila siku inaweza kuua. Sasa siku yangu ni Ijumaa, imeandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, na mwanangu ndiye anayekagua. Asidi ya foliki, vitamini niliyopewa pamoja na dawa hiyo, nayo ina siku yake.

Tena dawa zile si panadoli. Daktari aliniambia nihesabu wiki sita mpaka kumi na mbili ndipo nione tofauti. Hoteli yangu inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ya kesho.

Hapo ndipo habari ya vifaa inapoanza, na ilianza kwa ujinga. Mtoto wa dada yangu anakaa Kampala, nikamtumia shilingi 260,000, hela niliyoiweka kwa ajili ya bati jipya, nikamwambia anitafutie vitu vya watu wenye mikono mibovu. Akahangaika, maskini, akapata. Akaniletea kifungulio cha makopo cha umeme. Mimi makopo nafungua lini? Akaniletea mashine ya kukatia vitunguu, ambayo ili ifanye kazi lazima kifuniko ukizungushe na ukibane kwa nguvu, halafu uje uoshe visu vidogo vidogo vyenye makali pande zote. Na Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha inakuwa bakuli. Akaniletea na ule mkono mrefu wa kuokotea vitu, una kucha mbele na kifyatulio nyuma. Huo ndio ulionifundisha. Kuokota kijiko kimoja sakafuni lazima ubane kifyatulio kwa vidole vyote na usikiachie mpaka kijiko kifike mezani. Yaani kifaa cha mtu asiyeweza kubana, kinamtaka abane. Unamfaa mtu mwenye mgongo mbovu. Nimempa baba mkwe, anaangushia maembe.

Nilikuwa nimenunua kabla ya kuuliza. Hospitali walishaniandikia karatasi niende chumba cha tiba kazi, nikapita mlango bila kuingia. Nilidhani ni ofisi ya kuwatafutia wagonjwa ajira. Mcheke tu. Kumbe ndiko mgonjwa anakofundishwa kufanya kazi zake za kila siku. Safari ya pili muuguzi akanishika kiwiko, akanitia ndani mwenyewe. Nikamkuta kijana mpole, meza yake imejaa vijiko, kufuli, vifungo na vipande vya sponji. Hakuniuliza wapi panauma. Akanisukumia dumu la mafuta, akasema, "Mama, nifungulie hili kama unavyofungua nyumbani." Nikafungua, jasho linanitoka. Yeye anatazama vidole tu.

Akanionyesha kitu ambacho miaka 47 sikuwahi kukiona. Kila ninapozungusha mfuniko, vidole vyangu vinasukumwa kuelekea kidole cha mwisho, na huko ndiko ugonjwa unakotaka kuvipeleka. Nilikuwa namsaidia adui. Akasema kazi inayoweza kuhama kutoka kwenye kidole, ihamie kiganjani. Inayoweza kutoka kiganjani, ihamie kwenye kigasha, kisha bega. Mfuko usining'inie vidoleni, upite kwenye mkono ukae karibu na kiwiko. Mlango usukumwe kwa nyonga. Kikombe kishikwe kwa viganja viwili kama cha mgeni mheshimiwa. Kitu chembamba kinenepeshwe, kwa sababu mpini mwembamba unataka uubane sana, na mpini mnene unakubali ukiushika kwa ulegevu. Na kama maumivu ya kazi fulani bado yapo saa mbili baada ya kuiacha, kazi hiyo imekuzidi, siku nyingine ikate vipande.

Yote hayo bila hela, zaidi ya nauli ya teksi.

Alichosahau kuniambia, nikajifunza mwenyewe, ni saa ya kujaribu. Saa sita mchana mimi ni mwanamke mwingine. Saa hiyo kila kifaa kinafaa, hata vile vya Kampala vilinifaa mchana ule vilipofika, ndiyo maana nilifurahi. Sasa kitu chochote nakijaribu saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijatia mikono kwenye maji ya moto. Kikinikubali saa hiyo, nakilipia. Kikikataa, hata kiwe kizuri namna gani, arudi nacho mwenyewe.

Fundi wangu mkubwa amekuwa kijana wa baiskeli aliye mkabala na hoteli. Kwanza nilifunga vitambaa kwenye mipini ya visu, kama tulivyofanya kwa mama zamani. Kosa. Kitambaa kinanyonya mafuta, kinateleza, wiki moja kimevunda na kinanuka. Kijana akanikatia tyubu kuukuu, shilingi 1,000. Unakata kipande kirefu kidogo kuliko mpini, unapaka maji ya sabuni ndani, unakivisha huku unakizungusha, maji yakikauka hakitoki. Kimoja juu ya kingine mpaka unene unaoutaka. Usiuzidishe. Nilijitengenezea kisu kinene kama muhogo, kikanishinda kukishika. Kipimo changu ni hiki: nikifumbata, ncha ya kidole gumba iwe karibu na ncha ya kidole cha kati lakini zisigusane. Tyubu ioshwe kwa sabuni na kuanikwa jua siku mbili kwanza, la sivyo kachumbari itanuka gereji.

Kwenye miko ya kupikia tukapata kitu kizuri zaidi: zile raba za kushikia za usukani wa baiskeli. Jozi moja 3,000. Fundi aliuchonga mwiko kidogo, akaitia raba maji ya sabuni, akaipiga kwa nyundo ya mti, ikaingia. Zina hata vibonde vya vidole. Wateja walicheka, mmoja akauliza kengele iko wapi.

Raba na moto havikai nyumba moja. Nilivisha tyubu mpini wa kikaango cha chapati, nikajiona mjanja. Siku ya kwanza sigiri, jiko la mkaa, ikiwa imekolea, mpira ukayeyuka, ukanigandia kiganjani. Kovu lipo. Mpini wa kitu cha moto nenepesha kwa mti: vipande viwili vya mwanzi vilivyopasuliwa katikati, kimoja juu kimoja chini, waya umezungushwa mara nyingi na ncha zake zimefichwa. Hainipendezi machoni, lakini inashikika.

Sufuria zetu hizi zisizo na masikio ndizo adui mkubwa kuliko vyote. Kuipua sufuria ya maharage kwa vipande viwili vya kitambaa ni kubana kwa kidole gumba na cha shahada, na uzito wote uko hapo, na chini kuna moto. Nilishaangusha moja, bahati mguu ulikuwa mbali. Jibu halikuwa kifaa. Jibu ni kwamba sufuria haiipuliwi. Inakaa pale ilipo, mkaa unatolewa chini yake, chakula kinachotwa kwa upawa, na mwisho ikibaki nyepesi inasukumwa. Viazi na matoke ya kuchemsha nayaweka ndani ya chungio la waya tangu mwanzo, yakiiva nanyanyua chungio kwa ndoano na maji yanabaki. Sufuria mbili kubwa nilizonunua baadaye zina masikio makubwa pande zote, naingiza mkono mzima. Ghali, 70,000 kila moja, na sijutii hata shilingi.

Maji. Dumu la lita 20, jerikeni kama tunavyoita huku, lina kilo 20 na mpini mwembamba wenye ukingo unaokata. Nilikuwa nabeba manne kila asubuhi. Sasa kijana wa mkokoteni analeta, 500 kwa dumu, na hiyo ni gharama ya kila siku ambayo sikuwa nayo zamani, niseme wazi. Lakini hata likifika, kumimina ni kazi. Seremala akanitengenezea kitanda cha mbao, dumu linalala ndani yake, kitanda kimepigiliwa kwenye mhimili kama bembea. Nikitaka maji naegemea nyuma ya dumu kwa kigasha, mdomo unainama, maji yanatoka, nikiachia linarudi. Alitoza 20,000. La kwanza mhimili aliuweka nyuma mno, dumu likiisha nusu likawa linapinduka lenyewe. Akausogeza mbele kidogo, likatulia. Kama unamwagiza fundi wako, mwambie alijaribu likiwa limejaa, likiwa nusu, na likiwa karibu tupu.

Ya kunawia wateja ni ndoo yenye koki. Koki ya kawaida ya kuzungusha nimeing'oa, nikaweka ya mkono mrefu, ile unayoisukuma hata kwa kiwiko. Hapo hapo natilia udhu. Birika la udhu lilikuwa limenishinda miezi kadhaa na sikumwambia mtu, nilikuwa nachota kwa kikombe.

Chupa ya chai nimebadilisha. Ya kubonyeza juu, 55,000. Naibonyeza kwa kiganja kilichofunguka, siku mbaya kwa kiwiko. Kifuniko chake kikubwa mwanangu anakifungua usiku, ananiachia kimelegea. Na hilo la kulegeza ni dawa ya vitu vingi: mifuniko ya madumu, ya chumvi, ya dawa, yote hulegezwa jioni mikono ikiwa hai. Kilichokaza kabisa nakizungushia kipande cha tyubu, nasukuma kwa kiganja huku chombo kimesimama juu ya kipande kingine cha tyubu kisiteleze. Ufunguo wa kufuli umepigiliwa kwenye kipande cha mti kirefu kama kijiko, kwa hiyo nauzungusha kama mpini. Watu wanadhani ni cha choo cha stendi.

Sasa chapati, maana hizo ndizo zinazonilisha.

Nilikuwa nakanda unga wa kilo tano kwa ngumi na vidole, dakika 20, 25. Nilipougua nikajaribu kukanda kidogo, chapati zikawa ngumu kama soli. Kisha siku moja nilichanganya unga na maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta, nikaitwa nje kwa ugomvi wa deni, nikakaa zaidi ya nusu saa. Niliporudi unga ulikuwa umelainika wenyewe. Nikaukunja mara nne, tano, kwa kisigino cha mkono, ukawa unavutika kama wa kukandwa asubuhi nzima. Unga ukilowana vizuri na kuachwa, unajifunga wenyewe. Kumbe miaka 19 nimekuwa nikitumia vidole kufanya kazi ya muda! Sasa nachanganya kwa mwiko wa raba, nafunika, naenda kuwasha moto, narudi.

Kusukuma nako. Kifimbo chenye vishikio viwili kilikuwa kinanitaka nifumbate. Seremala akanichongea fimbo laini ndefu isiyo na vishikio, naisukuma kwa viganja vilivyofunguka, vidole vimenyooka hewani, uzito unatoka begani. Meza imepandishwa matofali mawili ili nisiiname. Chapati haijawa duara la dira, lakini Kongo imeondoka.

Matoke yalinitoa machozi. Kumenya ni kisu kidogo, utomvu, na kidole gumba kusukuma ganda mara mia. Nilijaribu vifaa vitatu vya kumenyea, hakuna hata kimoja kilichotengenezwa na mtu aliyewahi kuona ndizi mbichi. Halafu nikakumbuka Waganda wana pishi lao la ndizi zinazochemshwa na maganda yake, huliita empogola. Zikiiva ganda linaachia lenyewe, unalivua kama soksi. Wateja wa kutoka pwani hawakuzijua, sasa wanaziagiza kwa jina. Siku za sokoni nanunua yaliyokwisha kumenywa, yanauzwa kwenye kavera, yaani mifuko ya plastiki, bei juu kidogo. Na yale ya kuponda kwa kubinya ndani ya majani ya mgomba nimeyaacha. Anayeyataka aende hoteli ya jirani, nawapa njia.

Posho? Posho imenishinda. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea pete ya chuma ya kushika sufuria, ina ulimi wa kukanyaga kwa mguu ili mikono yote miwili ibaki kwenye mwiko. Inasaidia kwa uji. Posho ya watu 30 ikishakaza, hakuna pete wala raba itakayonisaidia. Anasonga mtoto wa wifi, namlipa 2,000 kwa siku, naye anasonga vizuri kuliko nilivyowahi.

Mambo ya mwilini nitayapitia haraka. Sidiria nafunga mbele kisha naizungusha. Vifungo vya magauni nimeng'oa, nimeweka velkro ndani na vifungo vimeshonwa juu kwa urembo. Kila zipu ina pete ya ufunguo. Mtandio wa pini nimeuacha, navaa wa kuvuta kichwani. Kukamua nguo sikamui: naizungusha kwenye bomba la uani, nashika ncha zote mbili kwa kigasha, naegemea nyuma. Blanketi na jinzi anafua mwingine.

Kosa jingine ambalo sijalitaja: nilipojua ni ugonjwa wa viungo, niliamua kuvipumzisha kabisa. Wiki tatu sikugusa kitu, mikono nimeifunga bendeji ya kubana. Ilipofunguliwa nilikuwa siwezi hata kushika mswaki. Yule kijana wa tiba kazi alisikitika. Akanipa mazoezi ya dakika kumi ndani ya beseni la maji ya moto yanayovumilika: kufungua, kufunga pole pole, kugusisha gumba na kila kidole, kutandaza. Nayafanya kabla ya alfajiri, redio ikiwa chini. Banzi alilonitengenezea la kuvaa usiku nalivaa siku za uvimbe tu.

Mama mkwe wangu hakuyapenda haya yote. Alikuwa anakaa pale kwenye kigoda chake, ananitazama nikilegeza mifuniko, nikinunua ndizi za kavera, na mara moja aliwaambia wageni nikiwa nasikia, "Mke wa mwanangu anapika na baiskeli." Niliumia. Mwenzenu nilikuwa nimeshalia vya kutosha chooni, na nilikuwa nimezoea kuficha mikono chini ya leso wageni wakija. Mume wangu ndiye aliyemjibu. Alisema tu, "Mama, hela ya sukari yako inatoka kwenye hiyo baiskeli." Palikuwa kimya mpaka magharibi.

Mwezi uliopita mama akaja jikoni alfajiri, mimi nikiwa na mikono kwenye beseni. Hakunisalimu. Akasimama anatazama visu vyangu ukutani. Nikaona anavyoshika shuka lake: gumba la kulia limekaa mbali na vidole vingine, chini yake pametokeza nundu. Sikujua amekuwa hivyo tangu lini. Yeye ndiye anayemenya viazi vya nyumba nzima.

"Hicho kisu kinene," akasema, "unakitumia?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Ukitaka kijaribu sasa hivi, kabla hujashika maji ya moto."

Akakitoa ukutani, akakigeuzageuza kiganjani, akasema raba inanuka. Akaondoka nacho. Mpaka leo hajakirudisha.